Maziwa ya Mbarara na mpaka unaofuata mvua: kisa cha Kenya na Uganda, 2019 hadi 2023

Mwezi wa kwanza 2020 nilikuwa na duka dogo la jumla pale Umoja, Nairobi, na kitu kilichokuwa kinatoka kuliko hata unga wa ugali ni maziwa ya Lato, yale ya muda mrefu yasiyotaka friji. Sababu haikuwa siri, pakiti ya nusu lita ilikuwa chini kwa shilingi tano hadi kumi ukilinganisha na ya kwetu, na mama wa chai wa Umoja anaijua shilingi tano kuliko mhasibu yeyote. Basi wiki hiyo nikampigia msambazaji wangu, mtu ambaye nilikuwa nimeshamlipa katoni arobaini, simu ikaita ikaita haikushikwa, kesho yake mteja hapatikani, keshokutwa mteja hapatikani. Katoni sikuziona. Nusu ya pesa ilirudi mwezi wa nne kwa vipande vipande, nusu nyingine nimeshaandika sadaka.

Siku hizo hizo mamangu, ambaye ana ng'ombe wanne kule Ol Kalou, Nyandarua, akanipigia kulalamika kwamba maziwa yanachukuliwa kwa shilingi kumi na tisa lita, na ya jioni hayachukuliwi kabisa. Nikamwambia pole mama, mambo yatakuwa sawa. Akaniuliza, "Na wewe huko dukani unauza maziwa ya nani?" Nikajifanya mtandao umepotea.

Hilo swali ndilo lilinifanya nianze kufuatilia hii stori, na nimeifuata miaka kadhaa sasa, manake iligusa mfuko wangu na jikoni kwa mamangu kwa wakati mmoja lakini kwa pande mbili tofauti. Watu wengi wanaisimulia kama ugomvi wa Kenya na Uganda. Mimi nikiiangalia vizuri naona ni ugomvi wa Januari na Aprili.

Kilichotokea

Lato ni chapa ya Pearl Dairy, kiwanda kiko Mbarara, kusini magharibi mwa Uganda, nchi ya Ankole yenye ng'ombe hadi mlangoni. Kati ya Desemba 2019 na Januari 2020 maafisa wa Kenya walikamata mzigo wao, zaidi ya lita 260,000 za maziwa ya pakiti na kama tani 54 za maziwa ya unga. Sababu zilizotolewa zilikuwa zinabadilika kila ukifungua gazeti, mara pamiti za kuingiza hazipo, mara ubora, mara ati hayo si maziwa ya Uganda kabisa ni unga umetoka ng'ambo ukafungwa upya Mbarara ukapewa jina. Kampala ikaandika barua ya malalamiko, Nairobi ikasema inafuata sheria.

Halafu 14 Januari 2020, Rais Uhuru Kenyatta akasimama Ikulu ya Mombasa akatoa ile hotuba ya kumfuta waziri wa kilimo, Mwangi Kiunjuri. Wengi walikumbuka kufutwa, wachache walikumbuka maziwa, lakini kwa mfugaji hotuba yenyewe ilikuwa maziwa: New KCC, kampuni ya maziwa ya serikali, walipe lita shilingi 33 badala ya 25, hazina iwape shilingi milioni 500 wanunue maziwa ya ziada wayakaushe yawe unga, na maziwa yanayotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yatozwe VAT ya asilimia 16. Kiti cha kilimo akapewa Peter Munya, aliyetoka wizara ya biashara. Hebu fikiria, mtu aliyekuwa upande wa kuzungumza na Uganda kuhusu mipaka, sasa kazi yake ni kumlinda mfugaji wa Nyandarua dhidi ya mipaka hiyo hiyo.

Sasa chukua kalamu. Viwanda vya Kenya mwaka 2019 vilipokea kama lita milioni 668, hiyo ni kama lita milioni 1.8 kwa siku. (Usichanganye na maziwa yote ya nchi, hayo ni zaidi ya lita bilioni nne kwa mwaka, ila sehemu kubwa inanywewa nyumbani, inaenda kwa ndama au inauzwa mbichi na watu wa bodaboda bila kukanyaga kiwanda.) Milioni 500 ukigawa kwa 33 unapata kama lita milioni 15. Yaani ule msaada wote wa rais ungenunua maziwa ya viwandani ya siku nane tu. Siku nane! Na ule mzigo wa Lato uliokamatwa? Kilo moja ya unga inatoka kwa kama lita nane za maziwa, kwa hiyo tani 54 ni kama lita laki nne na thelathini, ongeza zile laki mbili na sitini za pakiti, jumla haifiki laki saba. Hayo ni maziwa ambayo viwanda vya Kenya vinapokea kuanzia asubuhi hadi saa kumi jioni, siku moja. Kweli kulikuwa na mizigo mingine mingi iliyokuwa inaingia kila wiki bila kukamatwa, lakini mzigo ule wenyewe haungeweza kushusha bei hata shilingi moja. Ulikamatwa ili uonekane umekamatwa.

Mvua ndiyo ilianza

Kitu ambacho hakikusemwa sana kwenye hotuba ni hali ya hewa. Mvua fupi za 2019 zilikataa kuisha. Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa imepata joto kupita kawaida, mvua ikanyesha Oktoba, Novemba, Desemba, ikaingia mwaka mpya, mafuriko huku na maporomoko kule, na ni unyevu huo huo uliowalisha nzige walioingia Kenya kupitia Mandera mwishoni mwa Desemba. Kawaida Januari Ol Kalou nyasi zinaanza kugeuka rangi ya kahawia, ng'ombe anapunguza, maziwa yanapanda bei. Mwaka huo Januari ilikuwa kijani kama Mei. Mamangu ana ng'ombe mmoja anaitwa Wairimu (jina la jirani, ni stori nyingine), kawaida mwezi huo anatoa lita nane, mwaka huo alikuwa anatoa kumi na tatu. Kila boma hivyo hivyo. Maziwa yakafurika kutoka Nyandarua hadi Nandi, mitambo ya kukausha unga nchini ni michache ya kuhesabu, matanki ya kupozea yakajaa, na tanki likijaa karani anakuambia urudi na mkebe wako nyumbani.

Ukiwa umesimama kwenye mlango wa kituo cha maziwa saa mbili asubuhi na mkebe umerudishwa, halafu ukaenda dukani ukakuta pakiti imeandikwa Uganda, utamlaumu nani? Mbingu haina ofisi ya kuandamana mbele yake.

Lakini angalia upande wa pili wa kalenda. Mwaka ukiwa mkavu, viwanda vya Nairobi vinatafuta maziwa kwa tochi, wanaotengeneza mtindi na aiskrimu wanataka unga, na hapo hakuna anayeuliza Lato imetoka wapi. Maziwa ya Mbarara yanaingia kimya kimya, pamiti zinatoka, duka langu linajaa, kila mtu ni ndugu wa Jumuiya. Mvua ikirudi, undugu unaisha. Ni mchezo ule ule na unajirudia, tofauti ni mwezi tu.

Kwa nini Mbarara inaweza na Ol Kalou haiwezi

Hapa ndipo mamangu huwa hataki kunisikiliza. Shilingi kumi na tisa za Kenya mwaka ule zilikuwa kama mia saba za Uganda. Na mia saba kwa mfugaji wa Kiruhura au Mbarara ilikuwa bei ya kawaida, kule lita ilikuwa inatembea kati ya mia tano na elfu moja kutegemea msimu, na mfugaji alikuwa anabaki na kitu. Bei moja, mmoja analia mwingine anapeleka watoto shule.

Tofauti ni ng'ombe anakula nini. Ankole ng'ombe anatembea, shamba ni kubwa, mvua ni misimu miwili, anakula nyasi zilizoota zenyewe, na tangu watu walipoanza kuchanganya ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu na Friesian, yule chotara anatoa maziwa ya kutosha bila kudai mambo mengi. Gharama kubwa ni dawa ya kupe (na kupe wa kule wamekuwa sugu mno, hiyo ni shida yao kubwa ambayo huku hatuizungumzii), mchungaji, chumvi, basi. Mamangu ana ekari moja na robo. Ng'ombe wamesimama ndani ya zero grezingi siku zote, majani ya nepia yanakatwa yanabebwa, na juu yake dairi mili, chakula cha ng'ombe cha dukani, gunia la kilo 70 lilikuwa limevuka elfu mbili wakati ule, na 2022 likavuka elfu tatu. Kila lita ya Wairimu ina dairi mili ndani, ina mahindi na mashudu ambayo mengine yenyewe yametoka Uganda na Tanzania. Tunakataa maziwa ya Uganda huku tukilisha ng'ombe wetu chakula cha Uganda, na hata hicho kuna wakati tunakikataa, Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, halafu baada ya siku chache ikafungua tena na masharti.

Na jambo la pili ni nani anakunywa. Mkenya anakunywa kama lita 110 kwa mwaka, chai yetu bila maziwa ni ya mgonjwa, Uganda na Tanzania hawatukaribii. Uganda ilikuwa inazalisha zaidi ya lita bilioni 2.5 kwa mwaka lakini watu wake wanakunywa kidogo kuliko sisi, kwa hiyo ziada ni lazima itoke nje ya nchi, na nje ya karibu kabisa yenye pesa na yenye kiu ya chai ni Kenya. Sehemu kubwa ya mauzo yao ya maziwa nje ikawa ni kwetu. Kwenye makaratasi hiyo ni fursa nzuri sana. Ila mwenye duka yeyote anajua, ukiwa na mteja mmoja anayechukua robo tatu ya stoo yako, huyo si mteja tena, ni bosi.

Ile tuhuma ya unga

Niseme kidogo kuhusu hii kwa sababu watu wa Uganda huiona kama matusi na Wakenya huiona kama ukweli mtupu. Kwa sheria za Jumuiya, maziwa na unga wa maziwa kutoka nje ya nchi wanachama yako kwenye orodha ya bidhaa nyeti, ushuru wa forodha ni asilimia 60. Maziwa ya ng'ombe aliyefugwa ndani ya nchi mwanachama yanapita bila ushuru, mradi yana cheti cha uasili, yaani hati ya kuonyesha yametoka wapi. Sasa ukiwa na ukuta wa asilimia 60 upande mmoja na mlango wazi upande mwingine, mtu kushawishika kuleta unga wa ng'ambo, kuupitishia mahali, kuupa pasipoti ya Afrika Mashariki, ni jambo la kawaida kabisa la binadamu. Kushuku si ujinga. Lakini kushuku kunatibiwa na ukaguzi, unaenda kiwandani, unahesabu matanki yanayoingia, unahesabu unga unaotoka, unagawa kwa nane. Kazi ya wiki moja ya mtu mwenye kikokotoo. Timu za Kenya ziliishia kwenda Uganda kukagua, baada ya malori kukamatwa tayari, na mpangilio huo ndio uliowakera Waganda kuliko kitu kingine. Ungeanza na ukaguzi ukamaliza na kukamata, hata kama umekosea, watu wangekuelewa.

Kuna pia ile minong'ono ya kwamba yote ilikuwa kulinda Brookside, kampuni kubwa ya maziwa ya Kenya, kwa sababu familia ya Kenyatta ina hisa pale. Hisa ni kweli, ni jambo la wazi, na Danone ya Ufaransa ilichukua asilimia 40 mwaka 2014. Lakini Brookside hiyo hiyo ilinunua biashara ya maziwa ya kampuni ya Sameer kule Uganda mwaka 2015, ina kiwanda Kampala kinachotoa chapa ya Fresh Dairy. Ana mguu mmoja kila upande wa mto. Mimi siamini stori ya mtu mmoja kuupanga mchezo wote, na ushahidi wangu ni rahisi: Uhuru alitoka Ikulu Septemba 2022, na Machi 2023 mchezo ukarudi ulivyokuwa.

Machi 2023, marudio

Kabla ya hapo kulikuwa na ukame, ule mrefu uliokula misimu mitano ya mvua mfululizo kaskazini na mashariki, na hata huku nyanda za juu mvua ikawa ya kubahatisha. Maziwa yaliyofika viwandani Kenya yalitoka kama lita milioni 800 mwaka 2021 yakashuka hadi kama milioni 750 mwaka 2022. Dukani pakiti ikapanda, wateja wakaanza kununua robo, mtu anakuja na shilingi thelathini anauliza utanipimia? Wakati huo maziwa ya Uganda yalikuwa yanakaribishwa kwa mikono miwili, unga hasa.

Halafu tarehe 6 Machi 2023 Bodi ya Maziwa ya Kenya ikatoa barua: uingizaji wa maziwa ya unga umesimamishwa. Sababu safari hii haikuzungushwa, walisema mvua ndefu zinatarajiwa, maziwa yataongezeka, bei ya mkulima italindwa. Angalau walisema ukweli! Lakini tazama, mvua yenyewe ilikuwa bado haijanyesha vya kutosha hata kuotesha nyasi, ng'ombe waliokonda kwa ukame hawaanzi kufurika maziwa siku wingu likionekana, inachukua wiki kadhaa ng'ombe kurudisha mwili. Viwanda vilivyokuwa na oda za unga barabarani vikabaki vimeshika karatasi. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshapunguza maziwa dukani nimeingia kwenye mafuta ya kupikia, sikuumia, lakini jirani yangu wa mtindi alikaa siku kumi bila kupika kitu.

Mamangu alifurahi? Kidogo. Bei ya New KCC baadaye ilipanda, Rais Ruto akasema kuanzia Machi 2024 itoke 45 iwe 50. Lakini ukimuuliza yeye ni nini kilimsaidia zaidi, atakuambia ni siku chama cha ushirika kilipoleta tanki la kupozea karibu, kwa sababu sasa maziwa ya jioni yana pa kwenda. Wanne kwa lita tano za jioni ni lita ishirini kwa siku zilizokuwa zinapewa mbwa na majirani. Hakuna barua ya kufunga mpaka iliyowahi kumpa lita ishirini.

Uganda inatafuta mlango mwingine

Siku chache tu baada ya barua hiyo ya Machi, Rais Museveni wa Uganda alikuwa Algiers kwa ziara rasmi. Sidhani ziara ya rais inapangwa kwa siku tano, kwa hiyo siwezi kusema barua ndiyo ilimpeleka, lakini yale ya 2020 kwa hakika yaliwafundisha. Ajenda mojawapo ilikuwa maziwa ya unga. Algeria ni kati ya wanunuzi wakubwa kabisa wa unga wa maziwa duniani, serikali yenyewe inaagiza kwa tenda kupitia shirika lake la maziwa, unga unachanganywa na maji, unafungwa kwenye mifuko ya plastiki na kuuzwa kwa bei ya ruzuku ya dinari 25 lita, bei ambayo imegandishwa kwa miaka zaidi ya ishirini kwa sababu ikiguswa watu watatoka barabarani. Waganda wakarudi na habari ya Algeria kuwa tayari kununua, takwimu iliyotajwa ikawa hadi dola milioni 500 kwa mwaka.

Hapo tena kalamu. Chukua tani moja ya unga kwa dola 3,000, milioni 500 ni kama tani 166,000, zidisha kwa lita 8,000 kwa tani, unapata zaidi ya lita bilioni 1.3. Kwa nchi iliyokuwa inazalisha bilioni 2.5 na kitu, hiyo ni nusu ya maziwa yote ya Uganda yakaushwe yapelekwe kwa mnunuzi mmoja. Ni namba ya kusomwa jukwaani. Hata robo yake ingekuwa biashara kubwa, kwa sababu mauzo yote ya maziwa ya Uganda nje kwa mwaka wakati huo yalikuwa dola milioni mia mbili na kitu.

Na ugumu halisi ni bei. Kenya Lato inashindana na Brookside na KCC. Algeria unashindana na New Zealand, nchi inayouza nje karibu maziwa yake yote, na bei ya dunia inapigwa mnada kwenye jukwaa lao mara mbili kwa mwezi. Machi 2022 tani ya unga wenye mafuta yote ilipita dola 4,500, Agosti 2023 ikawa imeanguka karibu na 2,500. Sasa fanya hesabu ya Mbarara: lita 8,000 kwa shilingi elfu moja za Uganda ni milioni nane, kama dola 2,150, na hapo hujawasha mtambo, hujalipa umeme, mifuko, wala lori la kutoka Mbarara hadi Mombasa, zaidi ya kilomita 1,400. Ikiwa bei ya dunia ni 4,500 mnacheka wote. Ikiwa 2,500, au kiwanda kinakula hasara au mfugaji analipwa mia tano. Unakisia ni nani atalipa.

Kitu kinachonichekesha ni kwamba huo unga wa kukimbia Kenya njia yake fupi ya kufika baharini ni kupita Kenya, Busia au Malaba hadi Mombasa, ukiwa umefungwa sili. Upo mlango wa Dar es Salaam kupitia Mutukula pia, na wengine wanautumia. Halafu meli ipande Bahari ya Shamu hadi Suez, na mwisho wa 2023 meli nyingi zilianza kuzunguka chini ya Afrika kwa kuogopa makombora ya Wahouthi wa Yemen. Maziwa kutoka Afrika Mashariki kwenda Afrika Kaskazini yakipitia Rasi ya Tumaini Jema!

Na Waalgeria wenyewe hawajalala. Mwaka 2024 walitia saini na Baladna, kampuni ya maziwa ya Qatar, mradi wa kama dola bilioni 3.5 kule Adrar, katikati ya Sahara, ng'ombe 270,000, lengo likiwa ni kutosheleza nusu ya unga wanaohitaji. Baladna yenyewe ukitaka kujua ilikua vipi, uliza mtu wetu yeyote aliyekuwa Doha Juni 2017. Maziwa ya supamaketi za Doha yalikuwa ya Almarai, ya Saudia, lori linavuka mpaka asubuhi. Saudia ikagombana na Qatar, ikafunga mpaka. Wiki chache baadaye ng'ombe wakaanza kushuka kwenye ndege za Qatar Airways, Friesian kutoka Ujerumani wakatua jangwani kwenye joto la nyuzi arubaini na kitu, kila mtu akacheka. Mwaka mmoja au zaidi kidogo baadaye Qatar ilikuwa inajitosheleza kwa maziwa mabichi, na 2019 ikaanza kuuza nje. Mpaka ulipofunguliwa Januari 2021, Almarai ilikuta kwenye rafu amekaa mtu mwingine.

Mimi kama mwenye duka ningetaka nini

Nikiulizwa (hakuna aliyeniuliza) kosa la Kenya lilikuwa kutotangaza kalenda, kulinda mfugaji siyo kosa. Kila mtu anajua Aprili hadi Juni maziwa yanajaa na Januari hadi Machi yanapungua, isipokuwa mwaka wa vituko kama 2020. Ungesema mapema, mwezi wa kumi na moja, kwamba miezi fulani unga utaingia kiasi fulani na miezi fulani kiasi kidogo, ukaandikia Kampala, kiwanda cha Mbarara kingepanga mitambo yake na mimi nisingelipa katoni arobaini za hewa. Na zile milioni 500 badala ya kununua maziwa ya siku nane zingenunua matanki ya kupozea mangapi? Sijui bei ya tanki, lakini mamangu anajua thamani yake.

Uganda nao wana lao. Miaka yote ile mauzo yakienda Kenya hawakuwa na haraka na mambo ya mabaki ya dawa kwenye maziwa, kwa sababu Kenya ilikuwa inauliza bei kwanza. Mnunuzi wa mbali haulizi hivyo. Mtu anayechanganya dawa ya kupe na dawa ya shambani kwa sababu kupe wamekataa kufa, maziwa yake yanaweza kupita Busia, maabara ya Algiers au ya Ulaya ni kitu kingine. Vyama vya wafugaji wa Ankole wamekuwa wakihimiza mikebe ya alumini badala ya jerikeni za plastiki, kupima kwa laktomita na alkoholi kituoni, hayo yote ni mazuri na yanaonekana, ila kupe ndiye atakayeamua.

Wiki mbili zilizopita nilienda Ol Kalou. Wairimu amezeeka, anatoa lita sita. Mamangu amenunua mtamba mwingine, nikamuuliza ametoka wapi maana rangi yake siyo ya huku, akasema ameletwa na mtu wa Busia, ng'ombe ni chotara wa Uganda, ati anakula kidogo. Nikamwangalia tu. Akaniambia niache kucheka nishike ndoo.